Keki ya Kupimia Gari

Mama Keki hakuzaliwa na jina hilo, alilipata kwa jasho. Walianza wateja, wakafuata majirani, mwishowe hata mume wake, kinyozi mpole asiyependa makuu, akajikuta anamwita hivyo mbele za watu. Mwenyewe alilipenda kuliko lile lililoandikwa kwenye kitambulisho. Umwite njiani kwa jina la kitambulisho, atapita kama hakusikia. Sema Mama Keki, atageuka mwili mzima na tabasamu juu.

Ndiyo maana siku keki yake ilipoanguka, hakulilia unga na mayai. Aliona ni jina lake lililomwagika pale.

Ilikuwa miaka mitatu nyuma, harusi ya binti mkubwa wa Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu huyu, mama mtu mzima, alikuwa amekwisha kustaafu, lakini cheo kilikataa kumwacha, maana nusu ya mji alikuwa ameifundisha na nusu iliyobaki alikuwa ameiadhibu. Keki ilikuwa ya ghorofa tatu, nyeupe pe, imezungushiwa utepe wa buluu, na maua ya sukari aliyoyafinyanga Mama Keki kwa vidole vyake siku nne mfululizo. Akakodi teksi. Akamsihi dereva aende polepole, dereva akamwambia asiwe na wasiwasi, kisha akaliruka tuta la pili simu imebanwa begani, anabishana na mtu habari za mpira. Walipofungua buti ukumbini, keki ilikuwa imelala ubavu, ghorofa ya juu imeshuka pembeni, utepe wa buluu umezama ndani ya krimu. Bibi harusi alikata kilichobaki, na mpiga picha alizunguka weee akitafuta upande wenye nafuu, asiupate.

Mama Keki alisimama mbele ya Mwalimu Mkuu mikono ikimtetemeka, akasema ni dereva. Angepigiwa kelele angepona mapema. Mwalimu Mkuu alimtazama juu ya miwani, akajibu kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitia majina darasani:

"Dereva simjui. Kazi nilikupa wewe."

Miaka mitatu maneno hayo yalikaa naye jikoni. Akipima unga, yapo. Akipiga mayai, yapo. Wateja hawakumkimbia, kwa maana mkono wake ulikuwa mtamu, lakini kila mara alipofunga buti ya gari la mtu, roho ilimpanda kooni na haikushuka mpaka aambiwe keki imefika salama.

Kisha asubuhi moja Mwalimu Mkuu akatokea mlangoni mwa chumba chake cha kuokea, mkoba mkononi, viatu vimepigwa rangi. Hakukaa. Alisema binti yake wa pili anaolewa, naye ameonja keki za mji mzima na hajaridhika.

"Kupika unajua," alisema. "Kufikisha ndiko hujui. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, nataka keki ya ghorofa tano iwe imesimama ukumbini. Imesimama, umenielewa?"

Mama Keki akaitika ndiyo, mwalimu, kama mtoto wa darasa la pili. Mgeni alipoondoka, akakaa juu ya gunia la unga akashika tama. Nafasi ya pili amepewa, na ya tatu hakuna mtu mjini aliyewahi kuisikia ikitoka kwa mama yule. Keki hii ikianguka, ajitafutie jina jingine.

Wapo waokaji wanaobeba ghorofa mojamoja na kuzipangia ukumbini. Yeye alijaribu mara moja, mishono ikaonekana, akaapa kuwa hatauza tena keki yenye makovu. Keki yake ilikuwa ikitoka nyumbani imekamilika, kama bibi harusi mwenyewe. Basi akajifunga kibwebwe: atanunua gari. Akiba aliyokuwa akiiwekea jiko jipya, jiko lisubiri. Leseni alikuwa nayo tangu ujana, alipoendesha gari la kusambaza mikate la kiwanda kimoja, na tangu hapo hakupenda kukaa kiti cha abiria.

Alijua anachotaka. Gari dogo la kupita vichochoroni, lakini limeinuka lisisuguliwe tumbo na matuta, nyuma pana na sakafu sawa, na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu ili keki iingie bila kuinamishwa. Vile vijipu vya mjini, vinavyojifanya vya porini na porini havijawahi kwenda. Jipya hakuliwaza hata kidogo. Lililotumika lilimtosha, bora liwe la kuaminika.

Hapo ndipo shemeji yake akapata kazi. Huyu alikuwa mdogo wa mume wake, fundi wa simu, na watu walimwita Profesa, kwa sababu hakuna jambo lililokuwa halijapita kwenye simu yake. Kwa magari ndiyo usiseme. Alijua injini ipi haifi, giaboksi ipi hufa mapema, mwaka upi wa kukimbiwa na mwaka upi wa kugombaniwa. Yeye mwenyewe hakuwa na hata baiskeli. Magari aliyoazima kwa marafiki yaliwarudia na milio ambayo hayakuondoka nayo.

Siku tatu tu zilimtosha Profesa. Alikuja akihema, akasema amelipata, jeupe, safi, kilomita chache, liko kwenye yadi ya dalali mmoja karibu na stendi, na kama hawataharakisha watalikosa. Mume wa Mama Keki akauliza kwa upole kama si vizuri kwanza limpitie Bi Spana. Profesa akacheka, akauliza Bi Spana atajua nini ambacho hakimo kwenye simu.

Bi Spana alikuwa na gereji mtaa wa pili. Mwanamke wa makamo, mikono mipana, alianza kwa kushikia mafundi wanaume tochi na sasa wanaume hao ndio walikuwa wakimletea magari yaliyowashinda. Tatizo lake ni kwamba aliyabania maneno kama mtu anayeyanunua. Mama Keki alipokwenda kumwomba ushauri, hakuambiwa mengi.

"Nenda asubuhi mapema. Kabla hajawasha, shika boneti. Ikiwa na joto, kalichemsha makusudi. Anaficha mlio wa kuamka."

Basi wakaenda asubuhi. Mama Keki alibeba kiganja chake, na nyuma ya teksi akabeba kitu kingine kilichomfanya dalali avue miwani ya jua. Ilikuwa keki ya ghorofa tatu, nyeupe, yenye utepe wa buluu. Aliioka upya ile ile iliyoanguka, kwa sababu uzito wake aliujua hadi kijiko cha mwisho, na kwa sababu kama kuna keki iliyokuwa na haki ya kumhukumu, ni hiyo. Dalali alisema katika miaka yake yote watu wamemjia na mafundi, wamemjia na wajomba, mmoja alimjia na mbwa, lakini keki hajaona. Mama Keki akamwambia leo ameona.

Gari lilikuwa linang'aa kama kikombe kipya. Matairi yamepakwa mafuta, ndani kunanukia maua. Akaweka kiganja kwenye boneti, ikawa baridi. Akawasha, injini ikaamka bila kukohoa. Profesa akamtazama dalali, dalali akamtazama Profesa, wote wawili wakatabasamu. Keki ikawekwa nyuma juu ya mpira usioteleza, Mama Keki akashika usukani, Profesa na dalali wakapanda, wakaondoka kwa njia ile ile ya kwenda ukumbini, yenye matuta kumi na manne, kipande kilichochimbika mbele ya kiwanda cha mbao, na mzunguko wa barabara ambako kila mtu anajiona ana haki ya kwanza. Walimalizia gerejini kwa Bi Spana.

Mlango wa nyuma ulipoinuliwa, keki ilikuwa imesimama kama ilivyotoka jikoni. Hakuna ua lililodondoka, hakuna ufa. Mama Keki aliizunguka kwa macho, na ninakwambia kichwa kilimvimba. Aliona Jumamosi imeshafika na Mwalimu Mkuu anampa mkono. Akamwambia dalali waandikiane leo hii hii.

Bi Spana alikuwa ameshainama chini ya boneti. Alifungua kifuniko cha oili, akakitazama upande wa ndani kama una utando. Akachomoa kijiti cha kupimia, akanusa. Akasimama nyuma ya bomba la moshi injini ikivuma, akakinga kitambaa cheupe, akakikagua. Akasema injini nzima. Profesa akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, ungedhani ameiunda yeye. Kisha Bi Spana akaja nyuma, akaitazama keki kwa muda mrefu.

"Nani kaendesha?"

"Mimi," alijibu Mama Keki, kifua mbele.

"Basi umeipima mikono yako. Gari bado hujalipima."

Mama Keki hasira zilimpanda. Alifungua kinywa ajibu, halafu akakumbuka. Alikumbuka jinsi alivyolikaribia kila tuta kwa ubavu, tairi moja kwanza, kisha jingine. Jinsi alivyoachia mafuta kabla ya kipande kilichochimbika, jinsi alivyofunga breki kwa ncha ya kidole cha mguu. Miaka ya kusambaza mikate na miaka ya kuhofia keki ilikuwa imeufundisha mwili wake kubembeleza barabara bila yeye kujua. Mtu mwingine yeyote angelipima gari lile sawasawa. Kosa hilo lilikuwa la kwake peke yake.

"Wewe ungeifikisha hata kwa toroli," Bi Spana aliendelea, na kwa kipimo chake hii ilikuwa hotuba. "Siku umekatiwa njia je? Siku una haraka?" Akainua spana, akaielekeza kwa Profesa. "Mpe huyu."

Profesa hakujua kama amesifiwa au ametukanwa, akaamua amesifiwa. Akakaa kwenye usukani. Mama Keki akakaa kiti cha nyuma, amegeukia keki yake, ameapishwa na Bi Spana asiiguse hata ikilia. Dalali akakaa mbele.

Profesa aliendesha kama anavyoendesha. Tuta la kwanza alilikumbuka baada ya kulipita. Kwenye la pili Mama Keki alisikia mlio mdogo nyuma kushoto, mlio wa kitu kinachogonga kitu ambacho hakikupaswa kukifikia, na akaona ghorofa ya juu ikinesa. Mbele ya kiwanda cha mbao utepe ukakunjamana. Kwenye mzunguko ghorofa ya juu ikashuka bila kuaga, ikajiegemeza pembeni, na ya kati ikaifuata. Aliitazama ikianguka kwa mara ya pili katika maisha yake, kwa pembe ile ile, mikono yake ikiwa mapajani. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Gerejini Profesa alianza kujitetea kabla hajazima injini. Alisema kwa mwendo ule keki yoyote ingeanguka. Bi Spana aliisoma keki ile kama daktari anavyosoma picha ya mfupa, akagusa ufa mmoja, akagusa wa pili.

"Huyu anafunga breki kwa fujo. Ingeanguka kwa uendeshaji wake, ingeangukia mbele," alisema. "Hii imeangukia nyuma kushoto."

Akapiga jeki, akaingia chini na tochi. Alipotoka, alimwita Mama Keki alale chini aone kwa macho yake. Shokapu ya kushoto, ile nguzo inayomeza mashimo, ilikuwa inavuja, na mtu ameifuta kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa kuliko ya kulia. Juu yake, chuma kilichoishikilia kilikuwa kimechomelewa, na mchomeleo umepakwa rangi nyeusi mbichi. Gari liligongwa nyuma, likanyooshwa, likapambwa, likaletwa yadi.

Dalali alisema yeye aliletewa hivyo hivyo. Hakuna aliyebishana naye na hakuna aliyemwamini. Keki iliyoanguka ikakatwa pale pale juu ya meza ya spana, mafundi wote wakala, na dalali naye akanyoosha mkono, maana mtu akiumbuka tumbo halijui. Alipomaliza kipande cha pili alipangusa vidole, akasema kuna jingine, lipo nyuma ya yadi, hakuwa amelitoa mbele kwa sababu sura yake haiuzi.

Njiani kurudi nyumbani Profesa alikuwa mnyonge hadi akatia huruma. Alisema, "Shemeji, kumbe nilikuwa nakuuzia mbuzi kwenye gunia."

"Usingeendesha vibaya hivyo, ningelinunua," Mama Keki alimjibu. "Wiki ijayo nakuhitaji tena. Uje na ubaya wako wote."

Gari la nyuma ya yadi lilikuwa na rangi ya chai iliyomwagikiwa maziwa mengi, limepauka juu, mlango mmoja umebonyea. Mlango wa nyuma ukiuinua haukukaa, vishikizo vyake vilikuwa vimechoka, na dalali aliutegemeza kwa fimbo ya ufagio. Kilomita zilikuwa mara mbili ya lile jeupe. Profesa alizitazama, akafungua kinywa, akakifunga, na hilo lilimpa heshima kuliko yote aliyowahi kusema.

Lakini chini ya kiti kulikuwa na daftari. Aliyekuwa na gari hili alikuwa muuguzi, amestaafu, na alilitunzia gari lake kumbukumbu kama alivyowatunzia wagonjwa. Kila alipobadilisha oili kuna tarehe. Kuna risiti zimebanwa kwa pini. Pembeni kuna maneno ya mkono: leo limelia kidogo mbele kulia, nimelipeleka. Leo limechelewa kuwaka, ni betri. Leo nimegonga geti langu mwenyewe, mlango umebonyea, sina wa kumlaumu. Mama Keki alisoma ukurasa hadi ukurasa amesimama juani. Yeye naye alikuwa na daftari la namna hiyo, lenye kila keki aliyoioka, na ukurasa mmoja wa miaka mitatu nyuma ulioandikwa: imeanguka. Alijikuta anampenda mtu ambaye hajawahi kumwona.

Boneti ilikuwa baridi. Injini ilikohoa mara moja, ikaamka, ikatulia. Keki ya ghorofa tatu yenye utepe wa buluu, ya tatu sasa kuokwa, ikawekwa nyuma, na Profesa akapewa usukani kwa heshima zote. Safari hii Bi Spana aliacha gereji, akakaa mbele. Profesa aliendesha kama anayefukuzwa. Matuta aliyaruka, mashimo aliyatafuta, kwenye mzunguko alifunga breki ghafla kwa ajili ya kuku ambaye hadi leo hakuna mwingine aliyemwona. Mama Keki nyuma alishika kiti kwa mikono miwili na kuitazama keki ikitikisika, ikitulia, ikitikisika, ikitulia.

Walipofika, ua moja la sukari lilikuwa limedondoka. Mengine yote yalikuwa mahali pake.

Bi Spana alilala chini ya gari karibu nusu saa. Akatoka na orodha yake: bushi za mbele, zile raba za viungo, zibadilishwe, bomba moja la maji limezeeka, matairi mawili hayafiki mwaka. Vishikizo vya mlango vingesubiri, fimbo ipo. Mama Keki akauliza kama ni gari la kuaminika.

"Ugonjwa wake wote umeandikwa humu," Bi Spana alisema, akalipiga daftari kwa kidole cheusi. "Nilivyovikuta chini ndivyo alivyoviandika yule mama. Hajadanganya hata mstari mmoja. Mimi ningelichukua."

Mafundi wake wakageuka wote kumtazama, kwa sababu hawajawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa gari moja. Mama Keki akalichukua. Siku hiyo hiyo, kwenye ukurasa mweupe uliofuata, akaandika tarehe na mstari wake wa kwanza: nimelipokea.

Jumamosi ilipofika, keki ya ghorofa tano ilibebwa na watu wanne kutoka chumba cha kuokea hadi garini. Mtaa ulisimama. Mume wake alimwacha mteja kitini na ndevu nusu, akatoka nje na wembe mkononi, akalitazama gari lililooshwa, na mke wake nyuma ya usukani amevaa vizuri, mgongo umenyooka. Mtu mpole yule, ambaye sauti yake haikuwahi kuvuka kizingiti cha banda lake la kunyolea, alisema ili mtaa mzima usikie, "Gari la mke wangu hilo." Kisha akaona haya, akarudi kwa mteja wake.

Profesa aliomba kuendesha. Akaambiwa akae nyuma awe mlinzi wa keki, akakubali kana kwamba ndicho alichoomba. Karibu na miguu yake kulikuwa na boksi jingine, alilokatazwa kuligusa wala kuliulizia.

Njia nzima Mama Keki aliibembeleza kama kawaida yake. Alimaliza matuta yote, akapita kiwanda cha mbao, na kwenye mzunguko mkokoteni wenye makreti ya soda ukamkatia mbele bila hata kutazama. Hapo hapakuwa na nafasi ya ncha ya kidole. Alikanyaga breki kwa mguu mzima. Gari likainama mbele, likakita, likasimama palepale, na mwenye mkokoteni akapita akipiga mluzi. Mama Keki hakugeuka, hakuweza. Akauliza taratibu.

"Shemeji, ipo?"

Profesa alichelewa kujibu, kwa sababu naye alikuwa amefumba macho. "Ipo," alisema. "Wallahi ipo. Haijasogea."

Mlangoni mwa ukumbi Mwalimu Mkuu alikuwa anatazama saa. Ilikuwa haijatimia saa nane. Keki ikashushwa, ikawekwa mezani, karatasi zikaondolewa. Mwalimu Mkuu akaizunguka mara moja, akavaa miwani, akaizunguka tena akiinamia kila kiungo, kama anayesahihisha mtihani wa mwanafunzi anayemshuku. Mama Keki alisimama mikono nyuma. Aligundua kuwa haitetemeki.

"Safari hii dereva ni nani?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Ni mimi, mwalimu."

"Na gari?"

"Langu."

Mwalimu Mkuu akavua miwani. "Vizuri," alisema. Neno hilo, waliosoma kwake watakuambia, wapo waliomaliza shule bila kuliona kwenye daftari lao. Mama Keki alihisi limemwingia kifuani na kukaa mahali ambapo yale mengine yalikuwa yamekaa miaka mitatu.

Kisha akaomba jambo moja. Aliomba aitiwe binti mkubwa, na mume wake kama yupo, waje nje kidogo, hawatacheleweshwa.

Walikuja, binti na mume, na mtoto wao wa kike kiunoni. Mama Keki aliinua mlango wa nyuma wa gari, akautegemeza kwa kichwa chake mwenyewe, maana fimbo ya ufagio ilikuwa imesahaulika nyumbani, akalivuta lile boksi mbele na kulifungua. Ghorofa tatu, nyeupe pe. Maua ya sukari, siku nne za vidole. Utepe wa buluu.

Binti mkubwa aliijua kabla kifuniko hakijatoka chote. Akaweka mkono mdomoni.

"Hii ni yangu," alisema.

"Ni yako, mwanangu. Imechelewa njiani."

Mtu akakimbilia kisu. Mpiga picha akaitwa, na kwa bahati alikuwa yule yule, na safari hii hakuhitaji kutafuta upande. Binti na mume wake wakashika kisu pamoja, wamebanana ndani ya kivuli cha mlango wa gari la rangi ya chai, mtoto akinyoosha mkono kwenye krimu. Shingo ya Mama Keki ilikuwa imeanza kuchoka, mlango ukashuka kidogo. Mwalimu Mkuu akasogea, akaweka mkoba wake chini vumbini, akainua mikono yote miwili na kuushika mlango ule juu ya vichwa vyao. Aliushika mpaka picha ya mwisho ikapigwa.